Cherehani Saba kwenye Pipa Moja

"Mwanajeshi anajua kubomoa tu. Kuunganisha hutaweza." Maneno hayo aliniambia shemeji yangu Athumani, mume wa dada yangu Zaituni, nyumbani kwake Ukonga, mdomo umejaa wali wa dada yangu. Nilikuwa nimemweleza kwamba naacha kutafuta kazi za kuajiriwa, nafungua kibanda cha kutengeneza cherehani kule Tandika. Na hakuwa peke yake. Karani mmoja wa ajira aliigeuzageuza stashahada yangu, akaiangalia juu chini, kisha akaniuliza kwa upole kama ni cheti cha ubatizo. Muuza kahawa wa mtaani kwetu alitangaza barazani kwamba kibanda changu hakitaiona Ramadhani.

Nawaandikia haya nyie vijana kwa sababu mna deni la kunisikiliza. Mwezi uliopita chuo kimoja cha ufundi hapa Temeke kilinialika niwape nasaha wahitimu. Ratiba ilinipa dakika ishirini. Mgeni rasmi akachelewa saa mbili, akahutubia saa nzima juu ya umuhimu wa kutunza muda, mie nikabakiziwa dakika tatu. Nilizitumia kutaja jina langu na kurudi kukaa. Niliyotaka kusema ni haya.

Kwanza sifa zangu, maana najua siku hizi mnapenda kujua mtu ana cheti gani kabla hamjaanza kumdharau. Mie ni mzaliwa wa Masasi. Nilikwenda vita vya Kagera nikiwa kijana mwenye kiuno chembamba, tukavuka mpaka Uganda, nikarudi mzima. Baada ya vita jeshi likanipeleka kusoma ng'ambo, nchi moja ya baridi ambako ukipiga chafya unaokota barafu. Nilisoma miaka miwili kwa lugha ambayo hata wenyewe waliozaliwa nayo walikuwa wanailalamikia. Nikarudi na Stashahada ya Ufundi wa Silaha Ndogo, nimefaulu vizuri sana. Anayebisha aje nyumbani, ipo sebuleni juu ya televisheni, na kioo chake nakifuta kila Ijumaa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Nilipomaliza utumishi na kuja kuishi Temeke, niligundua kwamba wakazi wa Temeke, na namshukuru Mungu kwa hilo, hawana silaha ndogo.

Barazani kwenye kahawa walinipokea kwa shangwe, wakitaka hadithi za vita.

"Afande, uliua wangapi?"

"Mie nilikuwa fundi," nikawajibu. "Nilikaa nyuma na bisibisi, mvua inanyesha, naletewa bunduki zimejaa matope kama zilikuwa zinalimiwa."

"Hukupiga hata mmoja?"

"Nilipiga mti. Nilikuwa najaribu bunduki niliyoitengeneza."

Baraza zima likaguna. Muuza kahawa akanijazia kikombe nusu. Tangu siku ile nikaitwa Afande Nati, na jina limenishika mpaka leo, hata kwenye kadi za harusi. Sikukasirika. Kila bunduki niliyoitengeneza ilirudi mikononi mwa kijana wa umri wenu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunilaumu. Nafahamu mwingine angesema pengine hawakupata nafasi ya kurudi. Nilishawaza hilo mara nyingi, na ndiyo maana mpaka leo sirudishi kitu kwa mtu kabla sijakijaribu mwenyewe.

Cherehani ziliniingia kwa bahati. Jirani yangu alikuwa Bi. Mwanaidi, mwenyeji wa Temeke tangu kwa babu wa babu yake, mshonaji mkongwe kuliko wote pale Tandika. Yeye na wenzake sita walikuwa wanashona pamoja kwenye kibaraza kimoja kirefu. Siku moja cherehani yake ikawa inaruka mishono. Mafundi wawili walikuwa wameshaifungua na kuifunga. Nikainama, nikaangalia, nikaona sindano imewekwa nyuma mbele. Nikaigeuza. Ikashona.

"Kumbe Ulaya ulikwenda kusomea kugeuza sindano?" akaniuliza.

"Miaka miwili, Bi. Mwanaidi," nikamjibu, na nikajua nimepata kazi.

Liandikeni hili: kabla hujagusa nati yoyote, badilisha sindano. Nimeishi vizuri miaka mingi kwa kubadilisha sindano na uso wa mtu anayefanya jambo zito. Usibadilishe haraka haraka. Mteja akiona ni rahisi atanuna. Vaa miwani kwanza, hata kama huihitaji.

Basi ukaja mwezi wa Shabani, mwaka wangu wa kwanza. Mnajua wenyewe Temeke inavyokuwa Ramadhani ikikaribia: kila mtoto anataka nguo mpya ya Idi, kila kikundi cha wanawake kinataka sare, na kila mume anajifanya hajui sikukuu ni lini. Kwa wale wanawake saba, mwezi mmoja ule ndio ulikuwa unabeba mwaka mzima. Bi. Mwanaidi akanifuata kibandani.

"Afande, zitazame zote kabla ya mfungo. Zisafishe, zitie mafuta. Uzichukue mojamoja."

Tangu siku ile kwa shemeji Athumani, lile neno la kubomoa bado lilikuwa linanichoma. Nikatoa kifua.

"Mojamoja ni kazi ya kiraia," nikamwambia. "Jeshini nilikuwa nafungua bunduki ishirini kwa asubuhi moja. Leteni zote Jumamosi. Jioni mnashona."

"Zote?"

"Zote."

Alinitazama kama mtu anayetazama nyama ambayo hana hakika nayo. Lakini stashahada ilikuwa imening'inia nyuma yangu, na alikuwa mstaarabu. Jumamosi asubuhi zikaletwa, saba, nyeusi, za kukanyaga kwa mguu, za kiwanda kimoja na umbo moja, kama kikosi kilichojipanga. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo elimu yangu iliponiponza. Jeshini bunduki zetu za aina moja vipuri vyake viliingiliana. Springi ya hii uliweza kuitia kwenye ile, ikalia vilevile. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyojibu kwenye mtihani. Nikazifungua cherehani zote saba. Ekseli, zile bushi zinazoshikilia ekseli, nati, springi, vikombe vya bobini vinavyobeba uzi wa chini, yale meno yanayosukuma kitambaa, vyote nikavimimina kwenye pipa moja la mafuta ya taa. Nikavikoroga kwa mpini wa jembe. Nikavichota, nikavikausha juani, vikang'aa. Wapita njia walisimama kuangalia. Mmoja akapiga makofi. Kisha nikaanza kuunganisha, nikichukua chochote kilichokaa karibu na mkono.

Jioni wenyewe wakaja. Wa kwanza kukaa alikuwa Salima, aliyekuwa anashona maturubai. Akakanyaga.

"Afande, cherehani yangu inakohoa."

"Afadhali yako," akasema wa pili. "Hii imekata roho."

Ya tatu iligonga kama mtu anayetwanga kisamvu. Ya nne ilishona vizuri sana, ila ilikuwa inarudi nyuma. Bi. Mwanaidi alikaa kwenye yake, akakanyaga mara moja, akaacha. Akainua kichwa.

"Umezichanganya?"

"Ni za aina moja, Bi. Mwanaidi. Za kiwanda kimoja."

"Na mie na Salima tumetoka kiwanda kimoja," akasema. "Meno yangu ukimtia yeye kinywani yatamkaa?"

Hakuna mwalimu wangu wa kule kwenye baridi aliyewahi kunieleza jambo kwa ufupi namna ile. Cherehani iliyofanya kazi miaka kumi si tena ya kiwanda. Ekseli na bushi yake vimelika pamoja, vimezoeana kama mume na mke wanaogombana kila siku na hawaachani. Ukiwatenganisha na kumpa kila mmoja mwenzi mpya, kelele zake zinasikika mpaka mtaa wa pili.

Nilitamani pipa linimeze. Mfungo ulikuwa umebakiza siku nne. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimeshapokewa na kukatwa. Kama zile cherehani zisingeshona, nyumba saba zingekuwa na mwaka mbaya, na mimi ningefungasha stashahada yangu na kwenda Ukonga kumwambia Athumani kwamba alisema kweli. Sijui lipi liliniogopesha zaidi. Ninajua, ila sisemi.

Salima alitaka nipelekwe kwa mjumbe. Mwingine alipendekeza nitumbukizwe kwenye pipa langu. Bi. Mwanaidi akawanyamazisha.

"Hutoroki," akaniambia. "Zetu utazirudisha kila moja na viungo vyake, hata uchukue mwezi. Na wakati unakuna kichwa, sie tutashonea nini? Kesho nenda ukaazime cherehani saba."

"Kwa nani?"

"Hivi wewe unaishi mji gani? Nusu ya nyumba za Temeke zina cherehani."

Ndipo nikaufahamu mji wangu. Enzi zile binti akiolewa, wazazi waliojiweza walimpa cherehani, apate kujitegemea. Ikifika kwa mume ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake ikawekwa redio. Basi. Ikawa meza. Meza ghali kuliko zote ndani ya nyumba, yenye gurudumu.

Jumapili nikavaa shati jeupe na medali yangu ya vita, nikapita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza mama alinifungulia, akaitazama medali, akasema walishahesabiwa. Alidhani ni karani wa sensa. Nyumba ya pili cherehani ilikuwa imebeba maua ya plastiki, picha ya harusi na dawa ya mbu. Nyumba ya tatu kuku alikuwa anaatamia mayai juu ya kikanyagio.

"Cherehani chukua," bibi mwenye nyumba akaniambia, "ila kuku hahami."

Nilikwenda kwake siku tatu mfululizo kumwamkia kuku yule, mpaka vifaranga vikatoka.

Wote niliwaahidi jambo moja: itarudi nzima, na itarudi inashona. Kufikia siku ya pili ya mfungo nilikuwa nimepata sita. Milango mingine yote niliyobisha hodi Temeke ilikataa kutoa meza yake. Ya saba niliijua ilipo tangu mwanzo. Nilikuwa naikwepa.

Dada yangu Zaituni alipewa cherehani na marehemu baba. Tangu utoto alikuwa anashona. Hata shati langu la kwanza la kwenda jeshini alilishona yeye kwa mkono. Akaolewa Ukonga na Athumani, na Athumani alikuwa na redio kubwa ya mbao. Mengine mnajua.

Nilipomweleza shemeji yaliyonipata, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Saba? Kwenye pipa? Zaituni, njoo umsikie kaka yako!" Akajifuta machozi. "Chukua, shemeji, chukua. Mie najua itarudi ndani ya kikapu."

Zaituni hakucheka. Alinisindikiza mpaka barabarani, na pale tulipoachana akanishika mkono.

"Kaka, umesema itarudi inashona?"

"Inashona."

"Usiniambie hivyo kama si kweli," akasema, akageuka akaenda zake.

Basi nikafanya kazi. Zile za kuazima zilikuwa na kutu ya miaka, na nilizifungua moja, nikaifunga, nikaijaribu, ndipo nikaigusa nyingine. Kila moja na beseni lake. Kanuni hiyo, beseni moja kwa cherehani moja, niliiandika kwa rangi kwenye mlango wa kibanda, na ilidumu pale mpaka juzi juzi nilipostaafu na kijana anayeuza makava ya simu akaipaka rangi ya waridi.

Saba za mwanzo zilinitesa zaidi. Bi. Mwanaidi alitandika mkeka, tukapanga viungo kwa aina, ekseli upande huu, bushi upande ule, kama ukaguzi wa kambini. Kisha akaniambia neno lililonifanya niwe fundi.

"Usitazame vyuma. Tutazame sie."

Nikakaa siku nzima nikiwaangalia wanavyoshona kwenye zile za kuazima. Bi. Mwanaidi alikanyaga kwa mguu wa kulia tu, wa kushoto ulikuwa unamuuma miaka mingi. Nikatafuta ekseli iliyolika upande mmoja, nikaipata. Salima alivuta turubai kwa nguvu upande wa kushoto. Meno ya cherehani yake yalikuwa butu upande huo. Yule aliyeitwa Tatu, mdogo wao wote, alikuwa amepaka kikombe chake cha bobini rangi ya kucha, nyekundu, kwa sababu mke mwenzie alikuwa na tabia ya kukichukua. Hicho kilipatikana kwa sekunde moja, na nilimwombea dua yule mke mwenzie. Mwingine alikuwa mnene, mwingine alikuwa na haraka, mwingine alikuwa anasinzia na kukanyaga kinyume. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye vyuma. Nyie mna simu zinazowaonyesha namna ya kufungua mashine yoyote duniani, hongereni. Haziwaonyeshi mwenyewe amekaaje. Mwombeni akae ashone kwanza, nyie mkiwa mmefunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi.

Nguo za Idi zilitoka. Zote, mpaka kofia. Asubuhi ya sikukuu watoto wa Tandika walipita mbele ya kibanda changu wamependeza, na muuza kahawa, ambaye kanzu yake ilishonwa kwenye cherehani niliyoitoa chini ya kuku, alinijazia kikombe mpaka kikamwagika. Wiki mbili baadaye cherehani ya mwisho ya wale wanawake saba, ile iliyokuwa inarudi nyuma, ilikwenda mbele. Bi. Mwanaidi alisikiliza mlio wake amefumba macho. Alisema, "Ni yeye." Hakunisifu zaidi ya hapo, na sikuhitaji.

Ikabaki kurudisha za watu. Nilizifungua upya, nikazisafisha, nikajaribu kila moja kwenye kipande cha shuka jeupe, maana mafuta yakibaki ni heri yaonekane kwenye shuka lako. Nikaazima mkokoteni wa mwenye mashine ya kusaga, nikachagua siku moja, nikaapa kwamba jua halitazama kuna mtu ananidai cherehani.

Alfajiri nikaanza. Mwenye maua ya plastiki nilimpelekea, akaniuliza kama nimerudi kuhesabu tena. Hapana, huyo alikuwa wa nyumba ya kwanza, uzee huu. Mwenye kuku alinipa mayai manne. Nyumba nyingine binti wa mwenye nyumba alikaa kwenye kiti hapohapo, akakanyaga, akacheka kama ametekenywa. Kufika adhuhuri nilikuwa nimewalipa sita.

Nikashika njia ya Ukonga na ile ya saba, imefunikwa gunia. Vingunguti niliingia katikati ya ng'ombe wanaopelekwa machinjioni, na kwa muda tulikwenda pamoja, mie na wao, kila mmoja akisukumwa na shida zake. Mchungaji mmoja akanipigia kelele: "Mzee, huyo wako wa gunia mbona halii?" Nikamwambia atalia tukifika.

Nilifika alasiri, shati limenigandia mgongoni. Shemeji Athumani alikuwa amekaa nje na jirani zake wawili aliowaalika kwa shughuli hiyo. Alikuwa ameshika kikapu.

"Karibu, shemeji! Mie nimejiandaa kabisa. Tuletee vipande vyetu."

Nikavua gunia.

Akainuka. Akaizunguka mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe. Akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Kuzunguka hata feni inazunguka," akawaambia jirani. "Inashona?"

Tukaiingiza sebuleni. Akaingia chumbani, akatoka na suruali yake iliyochanika makalioni, akamtupia dada yangu. Zaituni akaketi. Akaweka uzi bila kuangalia. Akakanyaga. Sebule ilijaa ule mlio, taratibu kwanza, kisha mbio, na mshono ukapita makalioni mwa Athumani umenyooka kama reli. Nilimtazama dada yangu mabega. Yalikuwa yameshuka, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Athumani," jirani mmoja akasema, "hicho kikapu nipe mie nikawekee nyanya."

Shemeji akacheka kidogo, kicheko cha kujilazimisha. "Haya, imeshona, nani alisema haitashona? Mama, inuka sasa, tuirudishe mahali pake." Akainama, akanyanyua redio yake ya mbao kwa mikono miwili, kile kitambaa cha kufuma kimening'inia begani, akasimama mbele ya cherehani akisubiri mkewe apishe.

Zaituni alikata uzi kwa meno. Akageuza suruali, akaanza kushona mguu wake mmoja, ambao haukuchanika.

"Mliazimisha meza," akasema, "kaka amenirudishia cherehani. Redio si una kikapu?"

Jirani wakatazama chini. Athumani alisimama pale na redio mikononi, ananitazama mie, na redio ile ilikuwa nzito. Nikachukua kikapu alichokuwa ameniandalia, nikakiweka chini kwenye kona, nikakishikilia kisiyumbe, mpaka alipoitua ndani yake mwenyewe.